Glavu za besiboli na mkono wa kijana wetu

Ndugu, wengi mmepiga simu huku Marekani kuulizia mkono wa mtoto wa dada, na swali ni lile lile: kwani huko hakuna glavu? Zipo, tena anazo jozi tatu kabatini. Ngoja niwaeleze zilikotoka, mtaona kwa nini hazikumsaidia.

Kwa wasioujua mchezo huu, besiboli ni binamu wa kriketi, ile tuliyokuwa tukiichungulia pale Gymkhana, Dar. Mmoja anarusha mpira mgumu wa gramu 140 na kitu, mwenzake anaupiga kwa gongo la mviringo. Wapigaji wa kriketi walishaanza kuvaa glavu karne ya 19. Wa besiboli wao waliona aibu!

Aibu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1875 Charles Waite, aliyekuwa akilinda besi ya kwanza, aliingia uwanjani na glavu ya rangi ya ngozi ili watu wasiigundue. Waliigundua, wakamcheka. Hata kichwa hawakukijali. Agosti 1920, New York, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa na mpira kichwani akafariki siku iliyofuata. Helmeti zilikuja kulazimishwa katika ligi kuu mwaka 1971, na hata hapo wakongwe waliruhusiwa kuendelea bila hizo. Miaka 51 jamani!

Glavu ya mpigaji ilipata jina kupitia Ken Harrelson wa Kansas City, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa wa kwanza kabisa, kwani Bobby Thomson anatajwa kuvaa glavu za gofu mazoezini mwaka 1949. Lakini kisa cha Harrelson ndicho kilichokaa midomoni mwa watu. Mwenyewe alisimulia kwamba alishinda akicheza gofu akidhani hatapangwa jioni, akapangwa, na kiganja kina lengelenge. Akachukua glavu yake ya gofu akaingia nayo. Wapinzani wao, Yankees, wakamtania kweli kweli. Leo karibu kila mpigaji anavaa, na watoto wanazitaka za rangi kama wanavyotaka viatu.

Sasa hapo ndipo penye jibu. Glavu hiyo ilizaliwa kwa ajili ya lengelenge. Inalinda ngozi na kusaidia kushika gongo lisiteleze. Haikutengenezwa kulinda mfupa.

Mfupa wenyewe unaitwa hameti, uko chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, na una kijipembe kama ndoana. Mpigaji akishika gongo, kile kinundu cha mwisho wa mpini kinakaa hapo hapo, kwenye mkono wa chini. Kila pigo linagonga, na siku moja ndoana inakatika. Jose Canseco aliumia mfupa huo mwaka 1989, akakosa nusu ya kwanza ya msimu. Ken Griffey Jr. naye mwaka 1996. Wanaume wenye misuli ile, na glavu wamevaa!

Kijana wetu ana miaka 16. Anapigia upande wa kulia, kwa hiyo mkono wake wa chini ni wa kushoto. Kliniki ya kwanza, siitaji jina, ilimpiga X-ray ya kawaida ikasema hakuna kitu. Kocha akashauri glavu nene na sponji. Mimi nilimbonyeza pale kwenye ndoana akaruka, halafu akasema kidole kidogo kinakufa ganzi. Mshipa wa fahamu unapita jirani kabisa na mfupa huo, na X-ray ya kawaida mara nyingi haiuonyeshi ufa wake. Nikadai CT. Ufa ukaonekana.

Basi amefungwa POP, na gongo nimelificha. Mfupa huu una damu kidogo, unaweza kugoma kuunga. Ukigoma, daktari wa upasuaji anakitoa kile kipande, na wengi hurudi uwanjani baada ya wiki kadhaa. Amenuna, hasemi na mtu, maana msimu wake umeisha. Dada, masomo hayajaguswa: kalamu anashika kwa mkono wa kulia.