Upepo, Hewa na Gesi: Kutoka Mvukuto hadi Kiongeza Kanieneo

Katika karakana zetu maneno upepo, hewa na gesi hukaribia kuwa visawe. Fundi wa magurudumu hujaza upepo. Fundi wa kuchomelea hutafuta mtungi wa gesi. Mwenye kompresa huuza hewa. Katika mazungumzo hapana madhara. Lakini mfasiri wa maelekezo ya mtambo akiyachanganya, huenda akahatarisha maisha ya msomaji wake. Historia ya viwanda yenyewe yatuonyesha mahali maneno haya yalipoachana.

Hapo kale kilichohitajika ni upepo. Wahunzi wa Upare na Buhaya walivukuta mivukuto ili makaa yawake kwa ukali. Mwaka 1856 Henry Bessemer, Mwingereza, alitangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Hewa hiyo iliunguza kaboni iliyozidi, na joto la kuungua huko likatosha kukidumisha chuma katika hali ya kuyeyuka bila makaa. Mwaka 1861 hewa iliyoshindiliwa ilianza kuendesha keekee za kutobolea miamba katika handaki la Mont Cenis, lenye urefu wa karibu kilomita 13 kati ya Ufaransa na Italia, lililofunguliwa mwaka 1871. Hapo hewa ilipata kazi nyingine: haikuchochea moto, bali ilibeba nguvu kutoka mtambo mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, hewa ni mchanganyiko, na karibu sehemu 4 katika 5 ni nitrojeni. Nitrojeni hiyo iliingia katika chuma cha pua cha Bessemer na kukifanya chepesi kuvunjika. Carl von Linde, Mjerumani, aliyeanzisha mwaka 1895 njia yake ya kugeuza hewa kuwa kiowevu, alifaulu mwaka 1902 kutenga oksijeni humo. Mwaka 1952 kiwanda cha Linz, Austria, kikaanza kutengeneza chuma cha pua kwa kupuliza oksijeni badala ya hewa. Mfasiri aandikaye kwamba Linz walipuliza "hewa" huyafuta mapinduzi yote kwa neno moja.

Hatari nayo iko hapo hapo. Mafuta yakikutana na oksijeni iliyoshindiliwa sana huweza kuwaka ghafula. Ndiyo sababu valvu za mitungi ya oksijeni hazipakwi mafuta wala grisi, ilhali zana nyingi zinazoendeshwa kwa hewa huhitaji mafuta. Kwa hiyo tunasisitiza: gesi itajwe kwa jina lake, iwe oksijeni, nitrojeni au nyingineyo, na hewa iwe hewa tu.

Sasa tuutazame mtambo ambao mafundi huuita busta. Kompresa ya kawaida huvuta hewa ya angahewa. Busta hupokea gesi iliyokwisha kushindiliwa na kuishindilia zaidi. Katika kiwanda cha chupa za plastiki, hewa ya kuendeshea mashine huwa na kanieneo iliyo kama mara 7 ya ile ya angahewa, lakini kuiumba chupa ndani ya kalibu huweza kuhitaji hata mara 40. Badala ya kuishindilia hewa yote ya kiwanda kiasi hicho, huongezwa ile ya chupa peke yake.

Je, tuuite mtambo huu "kiongeza nguvu"? Hasha. Neno kanieneo limeundwa kwa kani na eneo, na muundo wake waeleza kazi ya mtambo wenyewe. Katika aina moja ya busta, pistoni kubwa huisukuma pistoni ndogo. Eneo la kubwa likiwa mara 10 ya lile la ndogo, kani ile ile hubanwa katika eneo dogo, na kanieneo hupanda karibu mara 10, ukiondoa kinachopotea kwa msuguano. Kani haikuongezeka, kilichopungua ni eneo. Busta ya breki za gari, kinyume chake, huongeza kani ya mguu wa dereva.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili: kiongeza kanieneo kwa mtambo wa gesi, na kiongeza kani kwa ule wa breki. Busta libaki katika mazungumzo ya karakana, ambako fundi anakiona kwa macho kile anachokitaja. Msomaji wa kitabu hana ila neno.