Nyumba mpya, moto gani? Kuchagua nishati ya kupikia na kujipasha joto katika makazi ya Uganda

Umepewa kiwanja, miti imesimama, udongo umekandikwa ukutani na turubai au bati liko juu. Kwa familia nyingi swali la moto huja mwisho, siku sufuria ya kwanza inapotafuta mahali pa kukaa. Tunashauri uliulize mapema, ukuta ukiwa bado mbichi. Chumba kimoja kisicho na dirisha hakifai kuwekwa sigiri, na paa la nyasi au turubai halifai kuwa juu ya mafiga.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa makazi kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, pamoja na majirani wenyeji wanaotumia misitu ileile.

Kwanza, usilale na sigiri

Usiku wa mvua huku una baridi, na waliotoka milima ya Kivu wamezoea kuingiza babula ndani ili watoto wapate joto. Makaa (makala, kama wengi wetu tunavyoyaita) hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hakuna hatari tena. Sivyo. Gesi hiyo huendelea kutoka hata moshi usipoonekana, na aliyelala hashtuki. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Makaa mbadala yanayotengenezwa kwa vumbi la makaa au mabua ya mahindi nayo ni hivyohivyo.

Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu katika chumba chenye sigiri, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mumpeleke kituo cha afya. Maziwa hayaondoi sumu hii. Msisahau kuwatoa na wengine waliolala humo, hata wakisema wako sawa.

Ili kupata joto bila moto, ziba nyufa za ukuta kwa udongo, inua kitanda au mkeka kutoka sakafuni, na waogeshe watoto kabla jua halijazama. Chupa imara ya maji ya moto yasiyochemka, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, hukaa na joto kwa saa kadhaa.

Jiko liwe wapi

Palipo na nafasi, jenga jiko peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba ya kulala, upande ambao upepo hauleti cheche kwenye paa. Acha uwazi kati ya ukuta na paa, na tundu la dirisha likabiliane na mlango ili hewa ipite. Moshi si jambo dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto wadogo wengi.

Kuni

Kwa wengi kuni ndizo zitakazotumika, tuseme ukweli. Basi zitumike vizuri. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuchoma, moto unamalizia nguvu kukausha maji badala ya kupika, na moshi unajaa. Pasua kuni nyembamba, zipange chini ya paa, ziache wiki nyingi kabla ya kuzitumia.

Jiko banifu la udongo unaweza kulijenga mwenyewe: udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa na maji, vikandwe pamoja, mdomo mmoja wa kuni, na sufuria ikae karibu na moto bila kuuzima. Liache likauke wiki mbili au zaidi. Wenye haraka huliwasha siku ya tatu na kuliona likipasuka. Maharage ndiyo hula kuni kuliko chakula kingine, kwa hiyo yalowekwe usiku kucha na kupikwa kwa mfuniko.

Makaa, gesi na sola

Makaa ni mepesi kubeba na moshi wake ni kidogo, lakini katika tanuru la kawaida la udongo kilo 1 ya makaa inaweza kutumia kilo 6 hadi 10 za mti. Kila gunia linalouzwa ni msitu wa mtu, na mara nyingi ni wa jirani mwenyeji.

Gesi ya mtungi hupika haraka bila moshi. Ugumu ni pesa za mwanzo, kwani mtungi, jiko na mpira vinalipiwa pamoja. Kabla ya kununua, hakikisha kuna mahali pa kujaza upya unapoweza kufika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, hivyo mtungi usimame wima mahali penye hewa, mbali na mafiga. Pima uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Sola ndogo ya taa na simu haitapika. Birika la umeme hutaka wati 1,500 au zaidi. Paneli nyingi za nyumbani hazifiki hata 100.

Miti ya kesho

Kaliandra hukua haraka, ikikatwa huchipua tena, na majani yake ni chakula cha mbuzi. Mkaratusi hunywa maji mengi, uwe mbali na bustani na kisima. Kabla ya kupanda, ongea na jirani na mwenyekiti wa LC1 au kiongozi wa wakimbizi wa eneo lako. Katika vijiji vingi mti wa mpakani husomwa kama dai la ardhi, na ugomvi wake ni mgumu kuuzima. Panda ndani ya kiwanja chako, hatua chache kabla ya mpaka.