Ukuta Uliopambwa kwa Ndani

Mwenye kupamba chumba hana budi kuamua kwanza: ukuta upi upambwe, na macho ya nani yauone? Katika nchi ya Wasukuma, ieneayo Shinyanga na kufika Geita penye machimbo ya dhahabu, Bayeye walikwisha kulijibu swali hilo zamani. Hao ni chama cha wachezea nyoka, wenye kujua dawa za sumu yake. Mapambo ya nyumba ya chama waliyaweka ndani: nyoka, watu na wanyama, kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Picha hizo zilikuwa mafundisho kwa walioingizwa chamani, wala si pambo la kumvutia mpita njia.

Lakini nyumba ya udongo haidumu, nayo picha huanguka pamoja na ukuta wake. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu London chenye nakala za michoro hiyo. Hivyo siri ilifichuliwa, na kwa kufichuliwa ikasalimika. Mwanachuoni anufaikaye leo na akumbuke kwamba anatazama ukuta ambao wenyewe hawakumkaribisha.