Uzito wa Mfuko

Jumamosi ya Juni 20, 1964, katika klabu ya Congressional, nje kidogo ya jiji la Washington, Ken Venturi alicheza mashimo 36 kwa siku moja. Ndivyo U.S. Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, yalivyokuwa yakimalizwa enzi hizo: mashimo 18 asubuhi, mapumziko mafupi, kisha 18 mengine mchana. Joto lilikaribia nyuzi 38 za Selsiasi. Raundi ya asubuhi Venturi alipiga mikwaju 66, lakini alipoingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikuwa ameishiwa maji mwilini kiasi kwamba daktari alimshauri asirudi uwanjani, maana angeweza kufa. Akarudi. Daktari akafuatana naye shimo hadi shimo, akimpa vidonge vya chumvi na barafu. Mchana huo Venturi alipiga 70, akashinda kwa tofauti ya mikwaju minne. Mwaka uliofuata waandaaji waliiacha siku ya mashimo 36, na mashindano yakagawanywa katika siku nne.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ya swali ambalo watu huliuliza kwa utani: hivi gofu nayo ni kazi ya mwili? Kwetu jibu hutoka kabla swali halijaisha. Gofu ni mchezo wa wenye vitambi. Mkurugenzi anapiga kidogo, anatembea kidogo, anamalizia kwenye nyama choma na mkataba. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, na utafiti wangu unahusu miili ya watu katika michezo ya karne ya 20. Wenzangu wamechagua ndondi na riadha. Nilipotaja gofu darasani, mmoja aliniuliza kama nakusudia kuandika historia ya kukaa.

Swali lenyewe lakini ni la kweli, na lina historia ndefu. Tumchukue Jack Nicklaus. Mwaka 1962, akiwa na miaka 22, alikutana na Arnold Palmer katika raundi ya ziada ya kuamua bingwa wa U.S. Open kwenye uwanja wa Oakmont, karibu na alikokulia Palmer. Mashabiki walimzomea Nicklaus kwa unene wake. Alishinda, mikwaju 71 kwa 74. Hadi mwisho wa mwaka 1967 alikuwa amekusanya mataji makubwa saba, yote akiwa na mwili ule ule uliozomewa.

Septemba 1969 alikwenda Royal Birkdale, Uingereza, kucheza Ryder Cup, ambako mtu anaweza kucheza raundi mbili kwa siku. Huko akahisi uchovu ambao hakuuzoea, naye ana miaka 29 tu. Aliporudi nyumbani alibadili chakula, akapunguza karibu kilo tisa. Baada ya hapo alishinda mataji makubwa mengine 11, la mwisho likiwa Masters ya 1986, akiwa na miaka 46.

Hapa ndipo wengi hufunga mjadala: mnene saba, mwembamba kumi na moja. Tukihesabu na miaka, picha inageuka. Yale saba aliyapata ndani ya misimu sita, kuanzia 1962 hadi 1967. Yale 11 yalichukua misimu 17. Kwa wastani wa mwaka, Nicklaus mnene alishinda zaidi. Sioni ushahidi kwamba kilo tisa zile zilimfundisha kupiga mpira vizuri zaidi. Alikwisha kujua kuupiga. Ninachokiona ni mtu aliyeamua kwamba mwili wake lazima uhimili siku ndefu, kisha akaendelea kushinda hadi umri ambao wengi wa rika lake walikwisha kuachwa nyuma.

Wakati huo huo Gary Player wa Afrika Kusini, mtu mfupi wa kama sentimita 170, alikuwa akinyanyua vyuma. Wataalamu wengi wa gofu waliamini kwamba misuli mikubwa hukaza mabega na kuharibu mzunguko wa fimbo, na alionywa mara nyingi kwamba anajimaliza. Mwaka 1965, U.S. Open ilipochezwa kwa siku nne kwa mara ya kwanza, mshindi alikuwa yeye. Alistaafu na mataji makubwa tisa. Leo wachezaji wakubwa husafiri na makocha wa mazoezi ya viungo, na hakuna anayeshangaa.

Sayansi ya pigo lenyewe inasaidia kueleza kwa nini mizani hutupotosha. Fimbo na mpira hugusana kwa muda mfupi mno, kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Kilo zako hazipati nafasi ya kuusukuma mpira. Kinachoufikia ni kasi ya kichwa cha fimbo, na kasi hiyo huzalishwa na miguu, nyonga na mgongo. Mtu mnene anaweza kuwa nayo, na mwembamba akaikosa. John Daly, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa kiuno chake, alishinda PGA Championship mwaka 1991, na mwaka 1997 akawa wa kwanza kumaliza msimu wa PGA Tour akiwa na wastani wa zaidi ya yadi 300 kwa mapigo ya kuanzia.

Miaka ya karibuni Bryson DeChambeau amelijaribu jambo hili kwa mwili wake mwenyewe. Aliongeza kama kilo 18, akawa bonge la mtu, na Septemba 2020 akashinda U.S. Open pale Winged Foot kwa tofauti ya mikwaju sita. Watu wakasema gofu imebadilika milele. Baadaye akaupunguza mwili ule, na mwaka 2024 akashinda U.S. Open tena, pale Pinehurst. Ni mtu yule yule na taji lile lile, kwa uzito tofauti.

Mwaka 2001 swali letu lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Casey Martin alizaliwa na ugonjwa wa mishipa ya damu uliodhoofisha mguu wake wa kulia, hata kutembea mashimo 18 kukawa maumivu na hatari. Aliomba kutumia kigari. PGA Tour ilikataa: kutembea huleta uchovu, na uchovu ni sehemu ya mchezo. Nicklaus, Palmer na Venturi yule yule wa mwaka 1964 walitoa ushahidi kwamba uchovu unaweza kuamua mshindi, hasa siku ya mwisho. Upande wa pili, mtaalamu wa fiziolojia alikadiria kwamba kutembea uwanja mzima kwa saa tano, na vituo vyake vyote, huunguza takriban kalori 500, chini ya zile zilizomo kwenye baga moja kubwa. Hata kwenye joto kali, alieleza, kinachomwangusha mtu ni kupoteza maji zaidi kuliko hatua anazopiga. Majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba kiini cha gofu ni kupiga mpira kwa fimbo, na Martin akaruhusiwa kigari chake.

Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa. Naikubali, na bado namwamini Venturi. Siku ya kawaida kutembea si kitu. Siku ya mashimo 36 juani mwili ndio unaoamua nani atamaliza. Ila kuna mtu mmoja ambaye mjadala wote unapita pembeni yake. Kalori 500 ni za mchezaji, na katika gofu ya kulipwa mfuko wa mchezaji hubebwa na kedi. Fimbo zinaruhusiwa hadi 14, na ukijumlisha mipira, mwavuli na maji, mfuko unaweza kuzidi kilo 15. Siku ile Congressional palikuwa na kedi aliyetembea mashimo yale yale 36, katika joto lile lile, na mfuko begani. Pale Augusta, hadi mwaka 1982, wachezaji wa Masters walilazimika kutumia makedi wa klabu, nao walikuwa Weusi. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mtu Mweusi aliingia kwenye Masters kubeba tu, kwani hakuna aliyecheza kabla ya Lee Elder, mwaka 1975. Kazi ya mwili ilikuwepo muda wote. Aliyeifanya hakuitwa mwanamichezo.

Mjomba wangu alikuwa kedi kwa miaka mingi katika klabu moja ya kaskazini mwa Tanzania. Nilimpigia simu kwa ajili ya utafiti huu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza: mjomba, wachezaji wanene walikuwa wabovu?

"Unene hauniambii kitu," alisema. "Mimi naangalia shimo la kumi na nne. Mtu akianza kupumulia mdomo, akiomba fimbo namba saba nampa namba sita. Simwambii kwa nini."

Yaani namba sita hupeleka mpira mbali kidogo, na mchezaji aliyechoka huhitaji msaada huo hata kama hajijui. Mjomba hakuwahi kusoma fiziolojia. Alikuwa akipima pumzi za watu kwa macho, na kulipwa kwa raundi.

"Na wewe, shimo la kumi na nne ulikuwaje?"

Akacheka. "Mimi nilikuwa na mfuko."

Siku za mashindano alibeba raundi mbili, asubuhi mtu mmoja, mchana mwingine, katikati chai na chapati. Mashimo 36. Bega lake la kulia hadi leo liko chini kidogo kuliko la kushoto, na mshonaji wake hulijua bila kuambiwa.

Katika jedwali la utafiti wangu kuna safu ya uzito wa mchezaji. Kuijaza ni rahisi. Magazeti ya Marekani yaliandika kilo za Nicklaus kama yalivyoandika mikwaju yake. Pembeni yake nimeongeza safu nyingine, ya uzito wa mfuko na jina la aliyeubeba. Mpaka sasa nimejaza mistari michache tu, na mmoja wapo ni wa mjomba.