Kutoka Kuongea hadi Kuunda: Kambi za Redio kwa Vijana, 1957–2018

Chimbuko la kambi za redio kwa vijana haliwezi kutenganishwa na uskauti. Katika jamborii ya mwaka 1957 huko Sutton Park, Uingereza, maskauti waliokuwa warushaji wa redio ya ridhaa walikubaliana kuendelea kukutana hewani baada ya kutawanyika. Leslie Mitchell alilisimamia wazo hilo, na jamborii ya kwanza ya hewani ikafanyika Mei 1958. Hata hivyo, mtoto alibaki mgeni wa mtambo. Mwenyeji alikuwa mwenye leseni.

Leseni yenyewe haikupatikana kwa urahisi. Kanuni za kimataifa zilidai ujuzi wa msimbo wa Morse kwa masafa ya chini ya megahezi 30, hadi mkutano wa dunia wa mwaka 2003 ulipoiachia kila nchi uamuzi huo. Kizingiti cha mtihani kikashuka. Cha kukielewa chombo kikabaki palepale. Ni katika pengo hilo ndipo umuhimu wa kambi za Youngsters On The Air, zilizoanza Romania mwaka 2011, unapoonekana.

Mfano ulio bayana ni mchezo wa kusaka mbweha. Mtambo mdogo wa kurushia mawimbi hufichwa msituni, na kijana huutafuta kwa kipokezi chenye antena ya mwelekeo. Asiyejua hufuata sauti inapokuwa kubwa. Aliyefundishwa huigeuza antena mpaka sauti ififie, kwa kuwa ukimya huonyesha mwelekeo kwa usahihi zaidi kuliko kelele. Akikosa antena ya namna hiyo, hukikumbatia kipokezi kifuani na kuzunguka, mwili wake ukiwa kizuizi cha mawimbi. Iwapo kipokezi amekilehemu mwenyewe, kiungo ambacho hakikupata joto la kutosha humwumbua hukohuko porini. Hakuna mtihani wa karatasi unaosahihisha kwa ukali huo.

Mwaka 2017 kambi hizo zilifika Gilwell Park, makao ya kihistoria ya mafunzo ya skauti. Mwaka uliofuata, kwa mara ya kwanza, zikafika Afrika, jijini Johannesburg. Ilikuwa Agosti, katikati ya majira ya baridi ya kusini, hivyo jina la kambi ya kiangazi lilikuwa sahihi kwa wageni wa kaskazini pekee. Umri uliolengwa, miaka 15 hadi 25, uliwaacha nje watoto wadogo, ambao vidole vyao huzoea lehemu mapema zaidi.