Jina juu ya kikombe

Kwetu kumebaki kopo moja tu la babu. Alilipata kwenye shamba la chai alikofanya kazi. Chini yake kuna namba. Jina hakuna.

Nililikumbuka siku niliposoma juu ya vikombe vya kunyolea vya Marekani. Kuanzia miaka ya 1870 mpaka karibu 1920, kule wanaume wengi walienda kunyolewa ndevu kwa kinyozi. Mteja wa kila siku aliacha kikombe chake kwenye rafu, sabuni yake ndani, juu watu waliogopa kuambukizana magonjwa ya ngozi. Vikombe vyeupe vilitoka Ufaransa na Ujerumani. Mafundi wa Marekani ndio waliandika jina la mwenyewe kwa rangi ya dhahabu, halafu wakachora kazi yake: seremala na randa, mwokaji na mikate, mzima moto na pampu ya mvuke inayovutwa na farasi.

Kwa wazima moto, vyombo vyenye jina havikuwa jambo jipya. Mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi cha kuzima moto kule Philadelphia. Mshahara hakuna, kila mmoja alikuja na ndoo zake za ngozi. Zamani hizo ndoo za moto ziliandikwa jina, ili moto ukizimika kila moja irudi kwa mwenyewe.

Mwaka 1865 New York ikaachana na wazima moto wa kujitolea, ikaweka wa kulipwa. Kisha wembe wa Gillette, uliopata hati ya uvumbuzi mwaka 1904, ukawazoesha watu kujinyolea nyumbani. Rafu za vinyozi zikabaki tupu.

Leo wakusanyaji wanavitafuta vitu hivyo. Kikombe chenye pampu ya moto kinagombaniwa mara mbili: na wa vikombe, na wa vyombo vya wazima moto. Wakishakipata, wanatafuta lile jina kwenye vitabu vya zamani vya sensa. Njo vile mwokaji asiyejulikana anarudi kuwa mtu.

Hapo nilipata haya. Memuari yangu ya lisanse ilikuwa juu ya chai: kurasa nzima za mbolea na mavuno, mchumaji hata mmoja mwenye jina hakuna. Basi nimekaa na bibi, nikaandika jina la babu, kazi yake na kijiji chake. Karatasi iko ndani ya kopo.

Na kwenu, kumebaki nini? Ulizeni wazee wangali hai.