Kanisa Juu ya Lango la Ngome

Yako mambo katika historia ya Kanisa ambayo mawe huyasema waziwazi kuliko vitabu. Mfano mmojawapo ni ngome ya Loarre, iliyojengwa juu ya jabali huko Aragón, kaskazini mwa Hispania, yapata kilomita 30 kutoka mji wa Huesca.

Ngome hiyo ilianzishwa na Sancho wa Tatu, Mfalme wa Navarra, katika nusu ya kwanza ya karne ya 11. Wakati huo uwanda ulio chini yake ulitawaliwa na Waislamu, na Loarre ilikuwa jicho la Wakristo mpakani. Mjukuu wake, Sancho Ramírez, alikwenda Roma mwaka 1068 akauweka ufalme wake chini ya ulinzi wa Papa. Kufikia mwaka 1071 ilikuwako ngomeni jumuiya ya mapadre walioishi kwa kanuni ya Mtakatifu Augustino, na kwa ajili yao likajengwa kanisa la Mtakatifu Petro.

Tuingiapo leo, twapita lango lililo chini ya kanisa hilo, kisha twapanda ngazi ndefu zipitazo chini ya sakafu yake. Kando ya ngazi umo mlango wa kikanisa kidogo cha Mtakatifu Quiteria. Askari aliyepitia lango hilo na silaha zake alipita chini ya mahali pa ibada.

Je, ngome ililinda kanisa, au kanisa liliibariki ngome? Yaliyofuata yatupa jibu. Mfalme alijenga ngome nyingine, Montearagón, karibu zaidi na Huesca, nayo jumuiya ya Loarre ikahamishiwa huko. Mwaka 1096 Huesca ikatekwa, na msikiti wake mkuu ukafanywa kanisa kuu. Mpaka uliposogea kusini, Loarre ikakosa kazi. Sala ilikuwa imefuata vita.

Si kazi yetu kuwahukumu mapadre wale, ambao huenda waliomba kwa moyo safi. Lakini hatuna budi kuutazama mlima huo kutoka uwandani pia. Mkulima Mwislamu aliyeinua macho aliona ukuta mmoja tu. Hakuweza kujua ni wapi ngome iliishia na Kanisa likaanzia. Kila kizazi cha Wakristo chapaswa kujiuliza jirani yake aona nini.